Samli Ndani ya Injini

Fundi Vitus ameshatoa mengi ndani ya injini za watu pale Uyole: mchanga, nyuki, hata kijiko cha chai. Lakini siku alipofungua ile pikipiki ya zamani ya Masunga, alitupa spana, akakimbilia nyuma ya kibanda chake na kutapika.

Ilikuwa samli. Samli ya ng'ombe ya miaka nenda rudi, imechacha, imegeuka kijani, imeshikana na manyoya ya panya na mende waliofia humo wakiwa wameshiba. Tangi nalo lilikuwa kiota. Alipoliinamisha, kilichomwagika kilimfanya mama muuza viazi wa jirani ajifunike pua kwa khanga na kuhamisha sufuria yake.

"Nani kafanya uchafu huu?" Vitus alifoka. Mdomo wake hauna breki, na wateja wanajua hivyo.

Masunga alivua kofia. Pikipiki ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyekuja nayo walipohama Usukumani na ng'ombe wao kuja Usangu. Mzee alipokuwa anakata roho alimwambia mkewe asiiache ikauke. Yeye alimaanisha oili. Lakini mkewe huyo, Mama Roza, maisha yake yote, kila kilichokauka alikipaka samli kikalainika, iwe ngozi, iwe kibuyu, iwe kisigino cha mtoto. Basi kila walipotikisa maziwa, kijiko cha kwanza kilikwenda kwenye tundu la oili, na cha pili kwenye tundu la plagi.

"Fundi, nakuomba, mama asijue," Masunga alisema kwa sauti ya chini. "Baba zangu wadogo wanamsema kwamba ameiua. Yeye anachotaka ni nimpandishe nyuma, nimpeleke gulioni kama mzee alivyokuwa anampeleka. Akijua ni kweli, hatanyanyuka tena."

"Mimi sidanganyi wateja," Vitus alijibu, akatema mate.

Akaanza kazi kwa kinyaa kitupu. Alichemsha maji ya sabuni, akamwaga, akamimina mafuta ya taa, akakwangua kwa kijiti, na bado uchafu ulitoka kwa mabonge. Yeye ni mtu aliyelelewa karibu na misheni ya Tosamaganga, anayefuta spana kabla ya kuishika na baada ya kuiweka, na sasa harufu ile ililala naye. Mkewe Evarista alilitundika ovaroli lake nje kwenye mchongoma. "Ukiingia nalo humu ndani, mimi natoka," alimwambia. Vitus alinawa kwa ndimu hadi vidole vikawasha. Nyama ilimshinda. Aliwalaani panya, akawalaani ng'ombe, akamlaani na aliyegundua kutikisa maziwa.

Sahani za klachi zilikuwa zimeoza. Pampu ya oili ilikuwa imeziba kabisa, na nyaya zilikuwa zimetafunwa zote. Kila kitu alikichongesha mjini au kukitafuta kwa watu wa vyuma chakavu. Ni silinda peke yake iliyomshangaza. Alipoifuta aliona sura yake mwenyewe humo ndani, imekunjamana kwa hasira. Haikuwa na kutu hata chembe, na hilo lilimuudhi zaidi.

Siku ya kuchukua, pikipiki iliwaka, taa zikawaka, breki zikashika. Masunga alikuja na mama yake, mwembamba, kopo la samli limefungwa vizuri kwenye kitenge. Mama Roza aliizunguka pikipiki, akaigusa, kisha akamkazia Vitus macho.

"Fundi, niambie ukweli. Shemeji zangu wanasema nimemuua pikipiki huyu. Samli yangu ilimfanya nini?"

Masunga aliinamisha kichwa. Vitus alikuwa na maneno yake tayari, yote aliyoyakariri wakati akikwangua, na uvundo ulikuwa bado chini ya kucha zake. Aliitazama mikono ya yule mama, ilivyong'aa kwa mafuta.

"Silinda yake haina kutu, mama. Za umri huu nilizofungua, zote zilikuwa zimeliwa. Hiyo ni samli yako."

Akachukua spana, akaifuta.

"Niliwaambia mimi!" Mama Roza alisema, machozi yakimtoka. Akafungua kopo, akanyoosha mkono kwenye tundu la oili.

Vitus aliliziba kwa kiganja. "Mama, imeshiba. Kuanzia leo itakunywa oili tu, Masunga ataileta. Wewe ipake nje."

"Kashiba?"

"Kashiba kabisa."

Alikubali. Akalipaka tangi, lenye rangi mpya aliyoipiga Vitus, kwa kiganja kizima, na Vitus akaangalia pembeni. Kisha mama akaiona mezani sahani ya viazi vya kuchemsha, chakula cha mchana cha fundi, akavimwagia samli yote iliyobaki.

"Na wewe usikauke, mwanangu."

Akasimama kumsubiri ale. Vitus alichukua kiazi. Alitafuna, akameza, akashikilia meza.

"Tamu?"

"Tamu, mama," alisema, yeye asiyedanganya wateja.

Mama Roza alipanda nyuma, akamshika mwanawe kiunoni, na pikipiki ikaondoka kuelekea Usangu. Ilipofika kwenye lami mama aligeuka kuangalia. Vitus akatia mdomoni kiazi cha pili.