Maji Matupu Hayarudishi Rutuba

Mwaka ule kazi yangu huko ughaibuni, Ilford, ya kutunza wazee majumbani mwao, ilikuwa kumnywesha maji bibi mmoja wa Kiajemi. Bilauri sita kwa siku, kila moja niiandike kwenye fomu. Asipofikisha, msimamizi wangu aliniambia, atatolewa kwake apelekwe nyumba ya wazee. Naye hanywi. Nikimpa anaonja, anaweka chini. Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku nyingi niliondoka pale nimenuna.

Siku moja akanieleza. Baba yake alikuwa tabibu wa dawa za asili huko Uajemi, na alimfundisha kwamba mtu huzaliwa na rutuba yake mwilini, yaani unyevu wake wa asili. Joto la uhai huila rutuba hiyo polepole, kama utambi unavyonyonya mafuta ya kandili. Uzee ndio kukauka huko. Iliyokwisha hairudi; unachoweza ni kuitunza iliyobaki. Maji baridi ya mfereji, akasema, hayaongezi mafuta, yanazima taa tu.

Nyanya yangu Mombasa alikuwa na maneno hayo hayo: hari na baridi, yabisi ndio ukavu, na rutuba. Mtu aliyekauka hakumpa maji matupu hata siku moja. Na mimi, na vyeti vyangu viwili vya kutunza wazee, nilikuwa nimeyasahau yote.

Kesho yake nikaja na chupa ya uji wa mchele, wa tui zito na hiliki, vuguvugu. Akanywa kikombe, akaomba cha pili. Tangu hapo ikawa uji asubuhi na maziwa ya lozi jioni, nami nampaka mafuta miguuni huku akinitania kwamba mikono yangu inakwaruza. Nilimpenda yule bibi, nisiseme uongo.

Msimamizi alipokuja na faili lake kuamua, nilimkabidhi fomu. Akazipitia, kila palipotakiwa maji nimeandika uji au maziwa, akamwuliza bibi kama kweli anakunywa.

"Mimi nakunywa," akasema bibi. Akaushika mkono wangu, akaugeuza ili msimamizi auone ulivyopasuka. "Huyu ndiye anayekauka. Muandikie fomu yeye."

Msimamizi akacheka, akafunga faili. Bibi akabaki kwake. Siku hiyo nilikuwa na zamu mbili, na tangu alfajiri sikuwa nimetia kitu kinywani. Bibi akamimina uji uliobaki kwenye kikombe chake, akanisogezea, akasubiri mpaka nimalize.