Santuri Ambayo Wakili Hakuikagua

Wakili mmoja wa Parklands, mkusanyaji wa santuri kama mimi, aliwahi kuniambia mbele ya watu sokoni mjini, "Mzee, hata jalada huwezi kusoma. Unakusanya nini?" Watu wakacheka. Niliishia darasa la pili, lakini santuri zangu za muziki wa benga, taarabu na Kihindi nazijua kwa mikwaruzo yake. Sikumsahau.

Mwaka huu akaomba kuja kwangu Mutuini. Alikuwa akitafuta benga moja aliyoikosa kila mahali. Asubuhi ya siku aliyokuja nilibadilisha majalada kwa mkono wangu. Mkusanyaji yeyote huitoa santuri na kuikagua kwenye mwanga. Yeye alisoma jalada tu, akatabasamu, akaichukua, akaniachia santuri zake tatu za Kihindi kwa kubadilishana.

Jioni akapiga simu. "Mzee, humu ndani kuna kwaya."

"Najua, wakili. Kwani hukuitoa ukaangalia?"

Nikaiweka benga yenyewe kwenye gramafoni, nikasogeza simu karibu. Aliisikiliza mpaka mwisho bila kukata. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama anaweza kurudi kesho.

Nikamwambia kesho sitakuwepo.