Mbuzi Aliyekula Zimwi la Sinema

Miaka ile ya hamsini, mwenye duka mmoja wa Garissa alibandika ukutani, kwa uji wa unga, bango la sinema ya kutisha. Mwanamke anapiga mayowe, na mbele yake zimwi lenye meno marefu yanayochuruzika damu. Sisi tuliokuwa tukingoja sukari tulilitazama, tukacheka.

Adhuhuri mbuzi akalitafuna zimwi lote. Akabaki mwanamke, macho yamemtoka pima, anaukodolea ukuta mtupu. Hapo ndipo watu walipojaa.

"Ya Allah! Ameona simba," alisema mama muuza maziwa, akajiziba mdomo kwa ushungi.

"Simba gani? Huyo ameona askari wa kodi," akajibu mchunga ngamia.

Mwenzake alikuwa ameanza kurudi nyuma. "Hapana, wallahi. Ni mama mkwe wangu."

Jioni tukafurika uani kwa mwenye duka kutazama sinema yenyewe. Zimwi lilipotokea na meno yake, mama wa maziwa akabetua midomo: "Huyu tu? Fisi wa Balambala anamshinda!"

Mchoraji wa bango alituchorea zimwi moja. Mbuzi alimpa kila mtu la kwake. Bango jingine lilipofika, mwenye duka alilipaka zimwi uji usoni, kisha akaenda kumfungulia mbuzi.