Duara la Chaki Kwenye Sahani ya Titani

Pombe nilishaacha siku nyingi, kwa hiyo usiseme nilikuwa nimelewa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, kwenye karakana yangu ya Igogo, miaka ile biashara ilipofunguliwa na ndege za mizigo zikawa zinatua Mwanza kufuata minofu ya sangara.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini vyuma navijua kuliko waliosoma. Nagonga chuma kwa spana, nasikiliza. Kikilia kama chungu chenye ufa, natupa. Sikuwahi kukosea. Siku hiyo nilikuwa na sahani ya chuma cha titani, ile inayoshika mapangaboi ndani ya injini ya ndege, niliyoiokota kwenye vyuma chakavu. Niliigonga, ikalia kama kengele ya kanisa. Mnunuzi angekuja saa kumi kuichukua. Ndege yake ilikuwa imekwama uwanjani.

Saa saba hivi akaingia mzee mwembamba, koti la bluu, mkononi sanduku. Nikamwamkia.

"Marahaba, fundi. Nimekuja kuipima."

"Nimeshaipima kwa sikio, mzee."

"Sikio lako linasikia ngozi. Mimi nasikiliza nyama."

Akachomeka waya ukutani, kioo cha sanduku kikawaka kijani. Akaipaka sahani glisirini, akisema bila majimaji ile sauti nyembamba ya sanduku, isiyosikika na mtu, haiingii ndani ya chuma. Akawa anatembeza juu yake kidude kama kizibo cha soda. Kwenye kioo ilisimama mistari miwili, mmoja wa uso wa chuma, mwingine wa upande wa pili. Mara katikati ukachomoza wa tatu, mfupi. Akachora duara la chaki pale.

"Kuna doa gumu humu, liliingia chuma kilipoyeyushwa. Ikizunguka itapasukia hapa."

Nikacheka, nikasema mashine yake ndiyo mbovu. Akanivisha visikilizi masikioni. Niamini, nilisikia wanaume wawili, mmoja anamuuliza mwenzake kama amekula. Kisha mlio wa chuma. Kisha maji. Nimevuka kivuko cha Kigongo mara ngapi nisiijue sauti ya maji ya ziwa?

Nilipovua visikilizi, mzee hayupo, sanduku halipo. Chaki ipo. Nikashika grainda niikate nione mwenyewe. Kimya. Nikabonyeza tena, kimya.

Mama Neema, anayetupikia, alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mboga.

"Fundi, umeme si umekatika tangu asubuhi? Na ulikuwa unabishana na nani humu peke yako?"

Mnunuzi alipokuja nilimnyima. Alinitukana mpaka akachoka. Kesho yake umeme uliporudi nikaikata, na ndani ya lile duara kulikuwa na doa, dogo kama punje ya ulezi.

Siku hizi nauza mabati, nyumba mbili nimejenga. Lakini chuma sigongi. Nikigonga, yule mtu anamuuliza tena mwenzake kama amekula.

Basi wewe unayenunua kitu kwa sababu kinang'aa na kinalia vizuri, jihadhari. Na mtu akija kukupimia, tazama kwanza kama taa ya nyumbani kwako inawaka. Isipowaka, usibishane naye.