Mwanamke wa Hadithi Yangu Hakujua Kutembea

Nlipokuwa kidato cha tatu, miaka sita au saba baada ya Mapinduzi, darasa zima lilikuwa likiningojea mimi kila Jumatatu. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Nlikuwa nachora hadithi ya picha kwenye daftari, viboksi sita kila ukurasa, nimevipiga rula, maneno nimeyatia ndani ya viputo kama yale magazeti ya picha yaliyokuwa yakitoka bara. Magazeti yenyewe yalikuwa adimu siku hizo. Likifika moja linasomwa mpaka linakatika kwenye mkunjo. Daftari langu lilikuwa halikosi.

Hadithi ilikuwa ya mapenzi, lakini mapenzi ya kutisha kidogo, maana nlikuwa nshachoka na yale ya kulia na kuimba. Mwanamme kamwona msichana mara moja tu, pale Darajani, basi akawa anamfata. Akitoka, yupo. Akirudi, yupo. Anasimama chini ya dirisha lake kashika kikuba cha asumini. Anajua msichana kala nini, kalala saa ngapi. Nlimchora na macho makubwa meusi, kola imesimama, mwezi nyuma yake. Msichana mwanzo anakasirika, ukurasa wa nne anatetemeka, ukurasa wa saba anatabasamu. Wenzangu wakifika hapo kwenye kutabasamu wanapiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani anagonga ukuta.

"Ewe mwana, lini harusi?"

"Harusi bado. Kwanza amtese kidogo."

"Ndo maana hupati mchumba wewe, moyo jiwe!"

Mwenzangu wa dawati alikuwa hasemi sana. Tulikaa dawati moja tangu darasa la tano, yeye ananisaidia hesabu, mimi namchekesha. Siku moja akaniinamia sikioni. "Shoga, na mimi ninaye wangu."

"Wako nani?"

"Kama wa daftari. Ana baiskeli."

Nlimwonea gere, wallahi. Kijana wa watu alikuwa akimngojea kwenye kona ya skuli, kisha anamfata mpaka kwao Mkunazini, nyuma kwa mbali, baiskeli akiikokota. Hamsemeshi. Darasa lilipojua ikawa sherehe. Bahati iliyoje! Na mimi nkawa kila asubuhi namuuliza: leo kafanya nini? Kasimama wapi? Kavaa nini? Akinambia, narudi nyumbani nachora. Mara moja kijana yule alimpita karibu akamnong'oneza, "Pweza wa jana alikolea nazi?" Na kweli jana yake kwao walikula pweza. Nkaona hiyo nzuri kuliko yote nliyopata kuyatunga, nkaitia ukurasa wa tisa.

Sikuona kwamba alikuwa ameanza kutafuna ncha ya mtandio wake. Sikuona kwamba hesabu sasa ananakili kwangu, na zangu makosa matupu. Niseme kweli: nliona. Nlikuwa na haraka ya ukurasa wa kumi.

Nyumbani tulikuwa tukikaa na shangazi yangu, dada mdogo wa baba. Hakuolewa, na alikuwa akichechemea mguu wa kushoto. Kazi yake kushona kofia za kiua, vitobwe vidogo vidogo anavizungushia uzi kutwa nzima karibu na dirisha. Nje hatoki ila kuwe na maziko au harusi, na hapo lazima aandamane na mtu. Sisi sote tukijua ni mguu. Alianguka ngazini zamani, mimi bado mdogo. Alipelekwa hospitali, daktari hakuona kitu. Akasomewa, akanyweshwa makombe, maandishi ya zafarani yaliyokoshwa kwa maji ya marashi, sahani baada ya sahani. Mguu ukabaki vilevile.

Alikuwa msomaji. Hata karatasi iliyofungiwa karanga anaikunjua aisome. Nkampelekea daftari langu. Nlitaka anisifu, sikuwa na jengine.

Alisoma na sindano kaishika. Hakupiga kelele popote. Alipomaliza akarudi ukurasa wa kwanza.

"Huyu mwanamke wako," akasema, "akitoka mlangoni anatazama wapi?"

"Mbele, shangazi."

"Uongo. Na huyu mwanamme, uso wake umeupata wapi?"

"Nimeutunga."

"Sasa yeye msichana anauonaje, na mtu mwenyewe yuko nyuma yake?"

Nkaanza kuudhika. Nkamwambia hadithi ya picha lazima ioneshe uso, bila hivyo nani ataelewa. Akaweka kidole juu ya mwezi. "Na huu wa nini? Saa nane za mchana, mwanangu. Jua la utosi. Watu tele, wachukuzi, watoto wa chuo cha Kurani, na hapana hata mmoja anayeona kitu, kwa sababu hapana kitu cha kuona. Mtu anapita njia. Nani atamkataza mtu kupita njia? Hajui kutembea huyu mwanamke wako. Anatembea kama mtu ambaye nyuma yake hamna mtu."

Ndipo nlipoacha kuudhika.

Alinieleza bila kuniangalia, sindano inakwenda. Kabla ya Mapinduzi, naye ana miaka kumi na minane, alikuwa akenda kila siku nyumba moja Malindi kujifunza kushona. Mtu akamfata miezi kumi na mmoja. Uso wake hakuwahi kuutazama vizuri. Alikuwa na kikohozi kidogo kikavu, ndiyo ilikuwa salamu yake. "Mpaka leo mtu akikohoa chini hapo barazani, mimi najichoma kidole." Akanionesha ncha za vidole. Nlikuwa nkidhani ni kazi ya kofia.

"Si ungebadilisha njia?"

"Nlibadilisha."

"Lakini shangazi, mabuibui yote meusi, na umejifunika. Alikujuaje?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyewahi kuulizwa swali hilo na nafsi yake. "Hapo ndipo nami nlipokwama. Nkabadilisha viatu, akanijua. Nkavaa buibui la mama yako, akanijua. Nlikaa siku tatu nawaza, huyu ananijua kwa nini? Ya nne nkapata. Mwendo. Uso nimeufunika, mwendo nimeuacha wazi."

Basi akatia kijiwe ndani ya kiatu cha kushoto.

Kijiwe kadiri ya punje ya mbaazi, chini ya kisigino. Siku ya kwanza alipita kona akichechemea, kikohozi kiko palepale pembeni, na kisimfate. Mtu yule alibaki anamngojea msichana anayetembea sawasawa. "Nlipita mbele yake, mwanangu, karibu nimguse. Nlitaka kucheka, na mkojo ukanitoka."

Nyumbani walipouliza mguu una nini, akasema kaanguka.

"Kwa nini hukusema kweli?"

"Wangeniuliza nimemfanya nini. Kisha wangenifungia ndani." Akavuta uzi. "Nkajifungia mwenyewe."

Baadaye yakaja Mapinduzi, watu wakatawanyika, wengine bara, wengine Arabuni, wengine wasijulikane walipo. Mtu wake aliondoka au hakuondoka, hakupata kujua. Amuulize nani? Hata jina hakulijua. Siku moja alikitoa kijiwe, akasimama, mguu ukachechemea wenyewe.

Nkawa namtazama tu. Mtu nnayemwona kila siku, nnayemletea uzi, nnayemnung'unikia akinituma maji. Kanywa makombe yote yale mpaka tone la mwisho, sahani kwa sahani, na anajua dawa ilikuwa kijiwe na ugonjwa ulikuwa kikohozi cha mtu. Nlijiona mimi na viboksi vyangu kama mtoto aliyechora bahari kwa chaki ya buluu.

"Shangazi, nioneshe mwendo wako. Ule wa kwanza. Nataka kuuchora."

"Nshausahau."

"Jaribu."

Sina subira mimi. Akaweka kofia chini. Akaenda kutia komeo mlango, na tuko ghorofa ya pili, nyumbani hamna mtu mwengine. Akasimama kaegemea ukuta kama mtoto anayepimwa urefu. Akaenda. Hatua moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Sijui nisemeje. Bega lililegea, kisigino kikagusa sakafu taratibu, mikono ikafata yenyewe, kama mtu anayejua sakafu hii yake. Sijapata kumwona mwanamke yule kabla, wala sikujua kama yupo. Hatua ya tano mwendo ukavunjika, mguu ukarudi kulekule. Akashika ukuta, anahema kama aliyepanda mnara.

"Basi," akasema. "Umeona."

Siku ile sikuchora, mkono ulikuwa hautaki. Ya pili yake nkachora kurasa nne, na hamna uso hata mmoja. Miguu tu. Miguu ya watu sokoni, mchana, na katikati yao jozi moja ya viatu vya kike, na nyuma kwa mbali jozi nyengine. Kila kiboksi ile ya nyuma imesogea. Ukurasa wa mwisho nkachora kiatu kimoja kimekatwa ubavuni, kijiwe kinaonekana ndani. Sikuandika ni cha nani.

Darasani wakachukia. "Hii nini, duka la viatu?" "Mwanamme wetu yuko wapi?" "Turudishie macho yake!" Mwenzangu wa dawati alilichukua mwisho. Akafika kwenye kile kiatu, akalifunga daftari, akaniuliza polepole:

"Kijiwe kikubwa kiasi gani?"

Nlijua anauliza kwa sababu anataka kukitia.

"Mwambie mama yako," nkamwambia.

"Mama atanitoa skuli. Dada yangu alitolewa kwa barua moja, na hata hakuijibu." Akatazama vitabu vyake. "Baiskeli sasa inalala mbele ya dirisha langu, shoga. Anaifunga pale makusudi ili nijue."

Miezi miwili nlikuwa namuuliza kijana kavaa nini.

Mchana ule ule nkampeleka kwa shangazi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkata. Kisha akasimama, akatungua buibui lake ukutani.

"Shangazi, unakwenda wapi?"

"Kwao. Nataka kusema na mama yake. Twendeni."

Hapana maziko, hapana harusi. Ilikuwa baada ya alasiri, njia imejaa watu.

Kwenye kona karibu na kwao kijana alikuwa kaegemea baiskeli. Ndiyo mara ya kwanza kumwona karibu. Hana macho makubwa meusi. Kijana tu, ana chunusi, kalamu mfukoni. Mwenzangu akaniganda mkono. Shangazi akamwendea akichechemea, akasimama mbele yake, akafunua uso.

"Mwanangu, umepoteza kitu?"

"Mimi?"

"Naambiwa kila siku unatafutatafuta njia hii. Sema umepoteza nini, tukusaidie kutafuta. Hata hawa wazee hapa watatusaidia."

Alisema kwa sauti. Wazee kwenye baraza ya kahawa wakageuka. Mmoja akaweka kikombe chini. "Kijana, unaulizwa."

"Huyu si mtoto wa fundi saa?" akasema mwengine. "Mwiteni baba yake. Pengine yeye ndiye aliyepoteza kitu."

Wakacheka. Kijana akaparamia baiskeli, mnyororo ukatoka, akaikokota mbio. Mimi nlikuwa nyuma ya shangazi, na nliona buibui lake linatetemeka lote, toka begani mpaka chini.

Mama wa mwenzangu alitukaribisha. Shikamoo, marahaba, mkeka ukatandikwa, chai ikaja. Shangazi akasema moja kwa moja. Hajamaliza, mama akamgeukia mwanawe.

"Na wewe ulimfanya nini?"

"Alitembea, bibie," shangazi akajibu. "Hilo ndilo alilolifanya. Alitembea kwenda skuli na kurudi."

"Basi kesho haendi. Atakaa humu ndani nimwone kwa macho yangu."

"Ukimfungia, yule kijana kashapata anachokitaka, na wewe ndiye uliyempa." Akanyoosha mguu wa kushoto juu ya mkeka. "Mimi uniangalie. Hakuna aliyenivunja mguu huu."

Akamweleza habari ya kijiwe. Kitu asichopata kumwambia baba wala mama, anamwambia mwanamke asiyemjua, kwa ajili ya mtoto asiye wake. Mama yule aliutazama ule mguu, kisha akamtazama mwanawe, vidole vyake, ule mtandio uliotafunwa. Hakuahidi kitu. Alisema tu, "N'tasema na baba yake."

Njia ya kurudi nlitaraji mguu utanyooka. Mimi ningechora hivyo. Haukunyooka, ulichechemea zaidi, maana alikuwa kachoka. Lakini tulipofika karibu na nyumbani mtu akakohoa barazani, na shangazi akasimama, akageuka, akatazama ni nani. Mzee na kahawa yake. Akaendelea.

Asubuhi nliwahi darasani kabla ya watu wote. Nkakaa upande wangu wa dawati, upande wa pili mtupu. Wenzangu wakaja, wakataka daftari, nkawaambia sina. Kengele ikalia. Mwalimu akaanza kuita majina. Nkasikia viatu kwenye ukumbi, kisigino kinaburura kidogo kisha kinaharakisha, na nkajua ni yeye kabla hajatokea mlangoni. Nlikuwa sijui kwamba naujua mwendo wake.

Akaingia, hachechemei. Akakaa.

"Baba kanileta," akaninong'oneza. "Jana alikwenda kwa yule fundi saa." Kisha akanyoosha mkono. "Lete hesabu za jana. Nna hakika umekosea zote."