Uji wa Mchana wa Ramadhani

Nakumbuka mchana mmoja wa Ramadhani hapa Mutomo, mwaka ule mvua ilitunyima na ng'ombe wakawa wanaangukia njiani. Nilikuwa mjamzito, tumbo limeshanitangulia, kama wewe. Na nilikuwa nimefunga, kama wewe. Hapana, mwanangu, usiinuke. Keti. Uji huo nimekupikia kwa mkono wangu, na utanisikiliza ukiwa mbele yako.

Leo mtoto amecheza? Mbona unaangalia chini?

Haya. Mimi nilikuwa binti wa mzee wa kanisa. Nikapendana na baba mkwe wako, aliyekuja na jamaa zake kutoka Garissa kununua ng'ombe, nikatamka kwamba hapana mola ila Allah na Muhammad ni mtume wake. Nikaitwa Halima. Aiya, maneno niliyoyasikia! Shangazi zangu walisema nimefuata nyama ya ngamia. Wanawake wa upande wa mume wangu nao wakinitazama nikitawadha, wanangoja nikosee. "Huyu Mkamba atachoka tu," mmoja alisema, na alitaka nisikie.

Moyo ukaniwaka. Nikajiambia nitawashinda wote. Swala tano nikaziongezea nyingine, shingo ikawa inaniuma. Nilidhani dini ni mtihani wa darasa la saba, na kwamba kuna mtu amekaa mahali akinisahihisha.

Mama mkwe wangu tulimwita Hooyo, ndiyo mama kwa Kisomali. Kila asubuhi aliniwekea uji na kuniambia, "Kunywa, wewe umeruhusiwa." Namwitikia vizuri, akigeuka namwagia mbuzi. Mbuzi walinenepa Ramadhani ile, mimi nikakonda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu.

Siku hiyo tulikwenda kuchota maji kwenye mto wa mchanga, ule mkavu ambao maji yake huchimbwa. Shimo lilikuwa limenifika kifuani, nami ndani, nachota kwa kata na kujaza madebe ya wenzangu. Jua linachoma. Ndipo nikakumbuka mtoto hajacheza tangu alfajiri. Nikaogopa, lakini wanawake wa pande zote mbili walikuwa juu wakiniangalia, basi nikaendelea kuchota. Nikaangukia ukuta wa shimo.

Walinivuta nje kama debe. Hooyo akaja mbio, ameacha punda na mizigo.

"Anacheza?"

"Tangu asubuhi, bado."

Akachota maji, akaniletea kata mdomoni mbele ya watu wote.

"Hooyo, nimefunga."

"Umemfungia nani?" Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile. "Mwenyezi Mungu amesema mjamzito akihofia, ale, atalipa baadaye. Wewe umekataa ruhusa yake. Unaijua dini kuliko mwenye dini?"

Nikanywa. Huku nalia, nanywa. Shangazi yangu mmoja, yule wa nyama ya ngamia, ndiye aliyenishika kichwa, akiomba kwa Kikamba. Hooyo ameweka mkono tumboni kwangu, anaomba kwa Kiarabu. Tukangoja. Ee Mungu, kungoja kule! Nilisema moyoni, akikaa kimya huyu, sitajisamehe hata nikisali mpaka paji la uso litoboke.

Kisha akapiga teke. Hooyo alilisikia mkononi mwake, akakaa chini mchangani na kulia kama mtoto.

Siku zile nilizilipa baadaye, pole pole, nilipomaliza kunyonyesha. Na Hooyo, ambaye hakudaiwa hata moja, alifunga pamoja nami ili nisifunge peke yangu.

Basi sikia, kwa maana tangu uliposilimu umeniomba nikufundishe dini na siku zote unauliza yaliyokatazwa tu. Hija ni kwa mwenye uwezo. Zaka hutoa aliye nayo. Asiyeweza kusimama husali ameketi, asiyeweza kuketi husali amelala. Ukikosa maji, utatayamamu kwa vumbi, na vumbi Mutomo halijawahi kuisha. Kila alipotuamuru, Mungu ametuachia na mlango wa kupumulia. Anayeufunga ule mlango kwa kiburi asiseme ni ucha Mungu. Na kama unafunga ili unipendeze mimi mama mkwe wako, au ili wale wa kwenu kule mjini Wote wasiseme umeshindwa, basi sisi ndio umetufungia, na sisi hatuna pepo ya kukupa.

Yule aliyenyamaza tumboni siku ile ndiye Yusufu, mume wako, anayekula nusu sufuria peke yake na bado anauliza kama kuna chapati.

Mungu akulinde, mwanangu, akufungue salama, na swaumu utakazolipa azipokee kama alivyozipokea zangu. Nami nitafunga nawe, nikiwa hai.

Sasa kunywa. Niache niweke mkono wangu hapo tumboni, tungoje wote wawili.