Nusu ya Chini kwa Elfu Arobaini

Kusafishwa meno kulinigharimu shilingi elfu sitini na tatu. Sitini ni za kliniki, mbili za bodaboda kutoka Ipuli na kurudi, na moja ni ya chai na maandazi mawili niliyoagiza kwenye kibanda kilicho chini ya kliniki, kabla sijakumbuka kwamba nimekatazwa chai na kahawa mpaka kesho yake. Maandazi nilikula. Chai niliiacha mezani inapoa, na mama mwenye kibanda hakunirudishia hata mia. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, nami nisingerudisha.

Anayenijua pale sokoni akisikia hesabu hiyo atadhani nimeibiwa. Nauza asali ya Ipole, inayokuja kwa madebe, na kwa miaka thelathini na moja sijawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote, isipokuwa sanda ya mke wangu. Siku hiyo nilitajiwa bei nikatoa. Muuzaji mwenyewe alishtuka, maana alikuwa ameipandisha akitegemea nitaishusha.

Hii sasa ni masika ya pili tangu siku hiyo.

Jambo la meno lilianza na jani la mchicha. Asubuhi moja nilikula kiporo cha ugali na mchicha, nikasukutua haraka, nikaenda zangu sokoni. Biashara ilikuwa nzuri. Niliongea, nilicheka kile kicheko cha kazi, niliapa kwamba sipati faida. Alasiri nikapanda bodaboda, na wakati dereva anahangaika kuiwasha nikajiona kwenye kioo chake cha pembeni. Jani limekaa kwenye jino la mbele, limetanuka, kijani kibichi, kama bango la mgombea.

Njia nzima mpaka Ipuli nilikuwa nahesabu. Wateja kumi na tisa. Majirani wa meza, mmoja kulia na mmoja kushoto. Wenzangu watatu wa baraza la kahawa. Dereva wa bodaboda. Jumla ishirini na tano. Nikahesabu upya, labda kuna mtu nimemrudia. Ishirini na tano walewale. Wote walinitazama usoni, wote waliona, na hakuna aliyefungua mdomo.

Mke wangu alipokuwa hai nilikuwa sivuki kizingiti bila kukaguliwa. "Simama. Toa meno." Nilikuwa nayatoa kama punda anayeuzwa mnadani, yeye anainamisha kichwa, anatazama juu, anatazama chini, halafu anasema "Nenda" au "Rudi ndani." Miaka yote hiyo niliona ni kero. Nilikuwa namwambia, "Wewe mwanamke, mimi nauza asali, siuzi meno." Ananijibu, "Ndiyo maana asali inanunuliwa."

Siku ile nilipofika nyumbani niliwasha tochi ya simu, nikasimama mbele ya kioo cha mke wangu. Jani lilikuwa limekwenda, nadhani nilikuwa nimelimeza kwa hasira. Ila nyuma ya jani niliyaona meno yenyewe, na yalikuwa na rangi ya asali iliyobaki chini ya debe, ile ambayo humuuzii mtu mwenye macho. Binti yangu hunipigia simu kutoka Mwanza kila Jumapili, lakini sauti haionyeshi meno.

Nikaulizauliza. Nilikuwa naogopa, sitaficha. Zamani nilikwanguliwa meno kwa chuma na mtu aliyekuwa na haraka, na sauti ya kile chuma bado iko kwenye mfupa. Jirani yangu wa meza akaniambia siku hizi kuna kliniki yenye mashine inayopuliza. "Haikwangui, kaka. Inapuliza tu." Kwa hiyo wiki iliyofuata nikaenda.

Kliniki iko ghorofani, juu ya duka la mabati. Daktari wa meno ni dada mmoja wa umri wa mwanangu wa mwisho, miwani mikubwa, gauni la kijani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kusafisha shilingi ngapi?"

"Baba, hata kukaa hujakaa."

"Bei haihitaji kiti."

Akacheka kidogo. "Elfu themanini. Chuma nakitumia pale tu penye ugaga mgumu, uchafu uliogeuka jiwe. Kwingine kote ni mashine: hewa, maji ya uvuguvugu, na unga laini sana. Haiumi."

"Hewa ni ya Mungu. Maji yanatoka bombani. Kwa hiyo kilicho chako ni unga. Unga kiasi gani?"

"Kama kijiko."

"Kijiko cha unga elfu themanini! Binti yangu, sisi Wanyamwezi bei ya kwanza hatulipi. Shika arobaini."

Hapo akakunja mikono, akanitazama kwa macho mengine kabisa. Ule ubaba wote uliisha.

"Ala! Kumbe mtani. Mimi Mzaramo."

Wengi mnajua, lakini niseme kwa asiyejua: sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakitoka huku na mizigo kichwani mpaka kwao pwani. Mtani ana ruhusa ya kukusema mbele za watu, hata msibani, na ukikasirika mwenye kosa ni wewe.

"Babu zenu," akasema, "walibeba pembe za ndovu za watu wengine kutoka hapa mpaka baharini, kwa miguu, wala hawakuuliza ujira. Leo mjukuu ndiye kaijua bei?"

"Waliuliza, wakalipwa. Ila walipofika kwenu hela zote ziliishia kwenye nazi."

"Sawa, mtani. Arobaini. Lala."

Ningepaswa kushtuka. Mtu akikubali nusu bila kubisha, kuna jambo. Kanuni hiyo nimewafundisha watu. Lakini nilikuwa nimefurahi kupita kiasi, nikalala.

Alinivalisha miwani ya kukinga macho, akaniwekea plastiki ya kutanua midomo, nikawa nimekenua mchana kweupe kama fuvu. Kisha akayapaka meno rangi ya zambarau, akanipa kioo. Alisema rangi hiyo hushika kwenye ukoga tu. Penye usafi haishiki. Nilitafuta penye usafi. Nikapata sehemu mbili. Nikatafuta tena, zikawa mbili zilezile.

"Hizo mbili," akasema, "nadhani ulimi ulipita kwa bahati mbaya."

Akawasha mashine. Ina kichwa chembamba kama kalamu, na sauti yake ni ya mtu anayenyamazisha mtoto, ssss, bila kuchoka. Maji yalikuwa ya vuguvugu kweli. Unga una utamu wa mbali, na ukigusa ulimi unayeyuka kabla hujaujua. Niliukaza mwili wote nikingoja maumivu yaanze, miguu imenyooka, ngumi zimefungwa, na nadhani ilipita robo saa kabla sijaelewa kwamba hayaji.

Kilichonishinda ni kitu kingine. Ili mkono wake usitikisike, kidole chake kidogo alikuwa amekiegemeza kidevuni pangu. Basi, kidole kimoja, ndani ya glovu. Nikaanza kuhesabu ni lini mtu alinishika uso mara ya mwisho. Ilikuwa wodini. Mke wangu alinyoosha mkono akanitoa punje ya wali pembeni ya mdomo, yeye mgonjwa, mimi mzima. Nikahesabu tena, nisije nikawa nimemsahau mtu katikati. Kinyozi hunishika kichwa, hanishiki uso. Sikuwa nimemsahau mtu.

"Mama nyumbani haya meno hayaoni?" akauliza.

Mdomo umejaa plastiki na maji. Nikanyanyua kidole kuonyesha juu.

Mashine ikazima. Nikajua kinachofuata. Nimeshapewa pole nyingi kiasi kwamba naijua inavyoingia: kwanza kichwa kinashuka, halafu sauti. Nikafumba macho nijiandae. Yeye akainama, akachungulia mdomoni, akasema:

"Mwanamke mwenye akili sana. Alitazama humu ndani, akasema, afadhali mimi nitangulie."

Nilicheka. Nilicheka na plastiki mdomoni, maji yakanipalia, yakatoka puani, yakamrukia kwenye miwani yake, akawa ananikalisha na kunipiga mgongoni huku naye anacheka na kusema, "Usinifie hapa, Mnyamwezi, sina hela ya kukusafirisha." Maji mengine yalinitoka machoni. Chini ya ile miwani niliyovalishwa hakuna aliyeyaona.

Siku ya mazishi watani hawakuja. Wale wazee waliokuwa wakizuia jeneza mpaka wapewe chochote, wamekwisha. Vijana wao wanaona haya. Kwa hiyo mazishi ya mke wangu yalikuwa na adabu tupu. Kila mtu alinong'ona. Na nilipolala pale kwenye kiti, nimelowa kifua, ndipo nilipoelewa kwamba watu hawajaacha kuninong'oneza tangu siku ile.

Akaendelea kidogo. Kisha akazima, akavua glovu, akanitoa plastiki.

"Tumemaliza."

Nikapitisha ulimi. Meno ya chini yalikuwa laini kama kigae kipya. Ya juu yalikuwa yaleyale.

"Na ya juu?"

"Umelipa nusu, mtani. Hiyo ndiyo nusu."

"Haiwezekani."

"Kwa nini? Ya chini elfu arobaini, ya juu elfu arobaini. Au ulitaka nikufanyie jino moja niruke moja?"

Mnajua, nimefanya biashara na Wasukuma wa ng'ombe, na Waarabu wa mjini, na madereva wa malori wa Igunga wanaolipa kwa mchele. Sijawahi kupatana bei nikiwa nimelala chali, nimefungwa bibu, nusu ya mdomo zambarau. Nilimpa kumi. Akachukua simu akaanza kusoma ujumbe. Nikasema kumi na tano. Akasema rangi ile isipotolewa sasa nitakwenda nayo sokoni, na wateja watadhani asali yangu ina wino. Tukakubaliana ishirini, na ninasema kwa haki kwamba ni pigo safi kuliko yote niliyowahi kupigwa.

Meno ya juu aliyafanya polepole zaidi. Au labda mimi ndiye niliyekuwa sina haraka tena.

"Rudi baada ya miezi sita," akasema mwishoni. "Kahawa na chai kesho. Na mswaki upige kama unapaka mafuta, siyo kama unafua."

"Na nikipata kitu kwenye meno kabla ya miezi sita?"

"Mwambie mtu akuangalie. Huna watu?"

"Ninao. Ishirini na tano."

Akanitazama. Akaniandikia tarehe.

Kesho yake nilikwenda barazani kwenye kahawa. Tupo wanne pale, tangu ujana: mimi, fundi seremala, fundi cherehani na muuza vitenge. Niliketi, nikakenua kwa makusudi.

"Mashallah, mzee wetu," akasema fundi cherehani kwa upole. "Umenawiri."

Kwisha. Muuza vitenge akanimiminia kahawa. Zamani mtu angekuja na meno ya namna ile wangemmaliza. Wangesema nimeongeza maji kwenye debe nikanunua meno ya mtumba. Wangesema nafuata mchumba Nzega. Nikawachokoza. Nikamwambia fundi seremala kwamba kitanda alichomtengenezea shemeji yake kinalia kuliko mwenye nyumba. Hilo zamani lingeniletea matusi ya wiki nzima. Akatabasamu, akasema, "Kweli, kaka, nitakiangalia."

Tukacheza drafti, mimi na huyo seremala. Ni mchezaji anayenishinda mara tatu kati ya nne, na akishinda hupiga ubao kwa kiganja mpaka vizibo tunavyochezea kama kete vinaruka. Katikati ya mchezo nilikosea. Niliacha kete zangu tatu zimejipanga, angekula zote kwa mruko mmoja. Nikaona kosa langu akiwa tayari ameshika kete. Macho yake yakapita juu ya zile tatu, moja, mbili, tatu. Alikuwa anahesabu, namjua. Kisha akasogeza kete nyingine, ya pembeni, isiyo na kazi yoyote. Nikashinda. Wote watatu wakasema, "Hongera, mzee."

Nilihesabu ubao mara mbili kabla hatujaupangua, nikitumaini nimeona vibaya.

Sasa naomba ushauri, na nipo tayari kuulipia, ingawa si kwa bei ya kwanza. Hawa ni watu wema. Mke wangu alipokuwa wodini walifunga kazi zao kwa zamu wakaja kukaa nami, na hiyo heshima wanayonipa wameitoa mioyoni mwao. Lakini si watani zangu. Hakuna mila inayowalazimisha kunitukana. Nikimwambia seremala mbele ya wenzake kwamba nilimwona akiniachia, nitamvunjia uso. Nikinyamaza, nitakuwa mshindi wa drafti barazani mpaka nizikwe. Binti pale kliniki amenipa tarehe ya miezi sita, na siwezi kwenda kabla ya hapo kudai meno yananisumbua. Ataangalia mara moja tu ajue kwamba nimefuata utani. Wewe ambaye umewahi kufiwa, au umewahi kukaa barazani na aliyefiwa: mtu anawaambiaje wenzake, kwa maneno gani, na aanze na yupi kati ya wale watatu, kwamba heshima imetosha?